Livingstone, mvuke na milima inayobeba jina lake

Ukisimama Matema asubuhi ya mwezi wa Aprili, mara nyingi Milima ya Livingstone imefunikwa na mawingu hadi kiunoni. Mwenye jina hilo hakuwahi kufika Kyela. Lakini tangu utotoni, maisha yake yalifuatana na mvuke.

David Livingstone alizaliwa Blantyre, Scotland, tarehe 19 Machi 1813. Akiwa na miaka 10 aliingia kiwanda cha pamba, saa 14 kwa siku, akiunga nyuzi zilizokatika. Hewa ya humo ilifanywa ya joto na unyevu makusudi, kwani uzi mkavu hukatika ovyo. Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi. Ikigusa kitu cha baridi hushindwa kuubeba, na mvuke hugeuka matone. Ndivyo bati la ghala linavyotoa jasho alfajiri na kudondoshea kakao, nayo ikaota ukungu. Kakao isiyokauka sawasawa isifungiwe chumba kisicho na matundu ya hewa.

Alisomea udaktari, akaja Afrika mwaka 1841 kama mmisionari. Mwaka 1854, huko Angola, aliona wadudu wadogo mtini wakidondosha maji usiku kucha. Maji hayo yalitoka mtini au hewani? Alibandua gome la tawi, matone hayakukoma, akaamini yanatoka hewani. Alikosea: wadudu hao hufyonza maji ya mti. Hata hivyo, ni wangapi wangehangaika kulimenya tawi ili wajue?

Novemba 1855 aliona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, ambako maji hupaa kama moshi, kisha hunyesha tena msituni.

Tarehe 16 Septemba 1859 alifika Ziwa Nyasa. Mwaka 1861 alisafiri kwa mashua kufuata ufuko wa magharibi, akaona nguzo za moshi juu ya maji. Haukuwa moshi, wala ukungu. Walikuwa kungu, vijidudu ambavyo wenyeji waliwakusanya usiku na kuwapika mikate. Alionjeshwa. Aligeuza kabla ya kufika ncha ya kaskazini, kwetu.

Angefika angekuta mvua. Ziwa liko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari, na milima inapita mita 2,000. Hewa yenye mvuke wa ziwa ikiipanda hupoa, takriban nyuzi 1 kwa kila mita 100, hadi mvuke unageuka wingu. Ndiyo maana Kyela hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mpunga unastawi.

Mvua ndiyo iliyommaliza. Masika ya 1873 alipita mabwawa ya Bangweulu, kalowa, anatokwa damu tumboni. Alifariki tarehe 1 Mei katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Chuma, Susi na wenzao walijua unyevu ungeuozesha mwili. Waliutia chumvi, wakauanika juani kama siku 14, wakaufunga kwa nguo na gome la mti, kisha wakaubeba hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Ulizikwa London tarehe 18 Aprili. Moyo wake walikuwa wameuzika Chitambo, chini ya mti.