Mfahamu Gillette, mtu wa wembe wa kutupa uliowaachia wengi vipele vya ndevu

Kila asubuhi wanaume wengi wanashika mashine ya kunyolea bila kujua kwamba nyuma ya kile kiwembe chembamba kuna mtu. Jina lake ni King Camp Gillette. Hilo King si cheo, ni jina tu alilopewa na wazazi.

Alizaliwa Januari 5, 1855 huko Fond du Lac, jimbo la Wisconsin, Marekani, akakulia Chicago. Mwaka 1871 moto mkubwa uliunguza Chicago na biashara ya baba yake ikateketea. Kijana akaanza kujitafutia mwenyewe, akawa muuzaji wa kuzunguka mji hadi mji na bidhaa za watu.

Ushauri wa bosi

Miaka ya 1890 alikuwa akifanya kazi kwa William Painter, yule aliyebuni kizibo cha chuma cha chupa, hiki hiki cha soda. Painter akamshauri atafute kitu ambacho mtu akishakitumia anakitupa, halafu anarudi kununua kingine.

Wazo lilimjia mwaka 1895 akiwa anajinyoa nyumbani. Wembe wake ulikuwa butu, na nyembe za wakati ule zilikuwa nene, lazima zinolewe. Akawaza: kwa nini kisiwepo kiwembe chembamba cha bei ndogo, kikiisha makali unatupa?

Mafundi wa chuma walimwambia haiwezekani, bati jembamba vile haliwezi kushika makali. Alihangaika miaka, mpaka akampata mhandisi William Nickerson aliyevumbua namna ya kulifanya. Kampuni ikaanzishwa 1901. Mwaka 1903, mwaka wa kwanza wa mauzo, ziliuzwa mashine 51 tu na viwembe 168. Mwaka uliofuata mashine zilizouzwa zikafika takriban 90,000, na Novemba 1904 akapata hataza yake.

Vita vya Kwanza vya Dunia ndivyo vilivyomaliza mchezo. Barakoa ya gesi haibani vizuri usoni penye ndevu, kwa hiyo askari walitakiwa kunyoa. Serikali ya Marekani iliagiza mashine milioni 3.5 na viwembe milioni 32. Vita vikaisha, askari wakarudi nyumbani na tabia ya kujinyoa kila siku.

Shida ikaanzia hapo

Kunyoa hadi ngozi iwe laini kabisa hakumfai kila mtu. Nywele zilizojisokota, kama za watu wengi wenye asili ya Afrika, zikikatwa karibu sana na ngozi zinabaki na ncha kali. Zikiota zinajikunja na kuingia tena ndani ya ngozi. Mwili unauona ule unywele kama mwiba, unavimba, vipele vinatoka na kuacha madoa. Baadaye jeshini Marekani tatizo hili likajulikana sana kwa askari weusi, ambao sheria iliwadai kidevu kisafi.

Dawa ya kwanza ni kuacha kunyoa kwa wiki kadhaa, unywele utoke wenyewe. Weka kitambaa cha maji ya vuguvugu mara kwa mara, na usichokonoe kwa sindano wala kucha. Ukirudi kunyoa, lainisha ndevu kwanza kwa maji ya moto kiasi na povu, tumia wembe mkali, fuata zinakoelekea nywele, usivute ngozi, usipitishe mara nyingi sehemu moja. Mashine ya umeme inayoacha ndevu fupi kidogo ni salama zaidi. Usichangie wembe na mtu. Kipele kikiwa na usaha, kikiuma sana au kikiacha kovu gumu, nenda hospitali.

Mwisho wake

Cha ajabu, Gillette mwenyewe hakupenda biashara za ushindani. Mwaka 1894, kabla ya utajiri, aliandika kitabu akitaka uzalishaji wote uwe chini ya kampuni moja ya umma, na watu waishi kwenye jiji moja kubwa jirani na maporomoko ya Niagara. Hata alipotajirika hakuacha kuhubiri jambo hilo. Hakuna aliyemfuata.

Sura yake yenye masharubu ilichapwa kwenye karatasi za viwembe na kusambaa duniani. Lakini mdororo wa uchumi ulioanza 1929 ulishusha hisa zake. Alifariki Julai 9, 1932 huko California akiwa na miaka 77, mali yake nyingi imekwisha.

Kiwembe chake bado kinauzwa madukani. Masharubu yake, mwenyewe hakuyanyoa.