Karani wa Benki Aliyetutia Kamera Mkononi

Mwezi uliopita klabu yetu ya picha ilikaa kikao kuamua ni picha zipi zitundikwe bwaloni wakati wa wiki ya wanachuo. Hoja iliyoletwa mezani ilikuwa fupi: picha za simu zisipokelewe. Mimi nilikuwa na picha nane za safari yetu ya Mikumi, zote za simu. Moja ina tembo asiye na mkonga, kwa kuwa basi lilikuwa linatembea. Nyingine ni dereva wetu akichagua nyanya pale Doma, mgongo kwa kamera, uso kidogo tu. Nilibisha hadi sauti ikakauka. Uamuzi ukasogezwa wiki mbili mbele, nami nikaenda maktaba kutafuta silaha. Silaha yenyewe ilikuwa George Eastman, mzee wa Kodak. Nilidhani nitakuta mtu wa upande wangu mia kwa mia. Nilimkuta kweli, ila si kwa mia.

Alizaliwa mwaka 1854 katika jimbo la New York, Marekani. Baba alifariki George akiwa bado mdogo, mama akaanza kupokea wapangaji nyumbani ili watoto wale. Dada yake mmoja alikuwa na ulemavu wa polio na alikufa kijana. George aliacha shule mapema akaingia ofisi ya bima kama tarishi, kwa dola 3 kwa wiki. Baadaye akapata ukarani wa benki mjini Rochester. Yaani mtu wa kawaida kabisa, wa kuhesabu senti na kumtunza mama. Chuo kikuu hakukanyaga.

Mwaka 1877, akiwa na miaka 23, alipanga safari ya kwenda Santo Domingo. Mwenzake mmoja kazini akamshauri achukue kamera ili alete kumbukumbu. Akanunua vifaa vya dola 94 na ushee, na hapo ndipo kichekesho kinapoanza. Kamera ya siku zile ilikuwa kasha zito, na peke yake haikufanya kitu. Ulibeba stendi ya miguu mitatu, mabamba ya vioo, chupa za kemikali, beseni, ndoo ya maji na hema. Hema si la kulala! Ni la giza. Bamba lilipakwa dawa hapo hapo ulipo, likapigwa picha likiwa bado bichi, kisha likasafishwa kabla halijakauka. Ukichelewa kidogo, umekula hasara. Ili upige picha ya mto ilibidi uhamishe nusu ya maabara hadi mtoni. Eastman alilipa dola 5 afundishwe. Safari yenyewe ya Santo Domingo hakwenda. Alibaki Rochester na mzigo wake, akiwaza kwa nini kitu kidogo kama picha ya matembezi kimtese mtu kiasi kile.

Alisoma katika magazeti ya Waingereza kwamba kuna watu wanatengeneza mabamba makavu kwa gelatini, yanayoweza kukaa na kusubiri. Akaanza kupika ya kwake jikoni kwa mama. Mchana benki, usiku jiko. Nyakati nyingine alilala sakafuni karibu na jiko bila kuvua nguo. Kila aliyewahi kukesha kwa ajili ya mtihani na asubuhi akaingia darasani kama kivuli anamwelewa. Mwaka 1879 alipata hataza ya mashine ya kupaka mabamba, London kwanza, halafu kwao. Mwaka 1881 akaanzisha kampuni na mfanyabiashara Henry Strong, aliyekuwa mpangaji nyumbani kwa mama yake, na akaaga benki.

Mwaka uliofuata mabamba yakaanza kuharibika. Wateja walipiga, wakasafisha, wakaona ukungu mtupu. Eastman aliyarudisha yote, akawapa wateja mengine, na biashara changa ikayumba. Alifuatilia mpaka Uingereza, akagundua kosa lilikuwa kwenye gelatini, kitu kinachotoka kwenye ngozi na mifupa ya ng'ombe. Miaka mingi baadaye, mkemia mmoja wa kampuni hiyo aligundua sababu hasa: gelatini nzuri kwa picha ilikuwa na chembe za salfa, na salfa hiyo ilitokana na majani ya jamii ya haradali aliyokula ng'ombe. Hebu fikiria, picha yako ya harusi inategemea malisho ya ng'ombe usiyemjua.

Kutoka kioo akaenda kwenye karatasi, kutoka karatasi kwenye filamu laini ya kuzungusha, na mwaka 1888 ikatoka kamera aliyoibatiza Kodak. Neno hilo halina maana katika lugha yoyote, alilibuni kwa kuwa aliipenda herufi K. Kasha la mkononi, dola 25, ndani mna filamu ya picha 100. Unavuta kamba, unabonyeza, unazungusha ufunguo. Dirisha la kuchungulia hakuna, unaelekeza kasha kwa kukisia. Ukimaliza unaipeleka kamera nzima kiwandani na dola 10, wanasafisha, wanakurudishia kamera ikiwa na filamu mpya pamoja na picha zako za duara, pana kama sentimita 6 hivi.

Mabingwa wa siku zile walicheka. Watu waliojifunza kazi miaka kumi sasa wanamwona mama wa nyumbani akipiga picha ya paka. Zikamwagika picha zilizopinda, watu waliokatwa vichwa, farasi wasio na miguu. Nilipofika hapo nilimkumbuka tembo wangu, nikacheka peke yangu maktaba mpaka jirani akanigeukia. Mwaka 1900 ikaja Brownie, iliyolengwa hasa watoto. Bei dola 1, filamu senti 15. Ziliuzwa zaidi ya laki moja mwaka wa kwanza. Picha ikatoka studio, ikaenda pikiniki, ufukweni, bustanini, kwenye matembezi ya Jumapili.

Lakini sikuweza kuiba nusu ya habari. Kwanza, filamu. Mchungaji mmoja wa Newark, Hannibal Goodwin, aliomba hataza ya filamu ya aina ile mwaka 1887, akazungushwa hadi 1898, na akafa kabla ya kufaidi. Kesi iliendelea mpaka 1914, mahakama ikaikuta kampuni ya Eastman na hatia ya kutumia uvumbuzi wa yule mzee, nayo ikalipa dola milioni 5. Pili, wale watu wa ufukweni hawakuulizwa kama wanataka kupigwa. Tayari mwaka 1890 wanasheria wawili wa Boston waliandika katika jarida la sheria la Harvard wakitetea haki ya mtu kuachwa na faragha yake, na picha za papo hapo walizitaja wazi. Hilo lilinichoma. Katika basi la kutoka Mikumi nilimpiga mwenzetu amelala mdomo wazi, nikaituma kwenye kundi la WhatsApp. Hakusema kitu. Siku tatu hakunisalimia.

Tatu ni safari yake ya kwetu. Mwaka 1926, akiwa na miaka zaidi ya 70 na pesa zisizohesabika, alikuja Kenya pamoja na Martin na Osa Johnson, mke na mume waliokuwa wakipiga filamu za wanyama upande wa Marsabit, na ambao yeye aliwasaidia kwa fedha. Alikuja na kamera na bunduki, vyote viwili. Siku moja alisimama na kamera yake ndogo ya sinema mbele ya kifaru aliyekuwa anawajia mbio, akaendelea kupiga mpaka wawindaji wakamwangusha mnyama hatua chache kutoka alipo. Nyumbani kwake Rochester kichwa cha tembo kikatundikwa ukutani. Mwaka 1927 akachapisha kitabu cha safari hiyo.

Niliziangalia picha za safari za miaka ile, zake na za wenzake. Mzungu ana jina. Simba ana mahali na tarehe. Waliobeba maturubai, waliopika na waliofuata nyayo ni wapagazi tu, basi. Babu yangu mzaa mama alizaliwa miaka michache baada ya Eastman kurudi kwao. Picha yake ya kwanza alipigwa alipotakiwa kitambulisho cha kazi, mtu mzima mwenye watoto wawili. Kamera ya dola moja ilikuwepo duniani muda wote huo.

Yeye mwenyewe hakupenda kupigwa picha. Mjini kwake alipita barabarani bila watu kumtambua. Hakuoa. Aliigawa mali yake akiwa hai: chuo cha MIT kilipata kutoka kwake dola milioni 20, sehemu kubwa kwa jina la kubuni la Bwana Smith, na majengo yao mapya yakasimama. Chuo cha Rochester, shule ya muziki, kliniki za meno za watoto hadi London na Roma. Mwishoni ugonjwa wa uti wa mgongo ulimkunja, hata kutembea ikawa taabu. Tarehe 14 Machi 1932, akiwa na miaka 77, alijiua nyumbani kwake. Nimelisoma hilo mara kadhaa na sina la kuongeza. Kampuni yake iliendelea kutamba. Mwaka 1975 mhandisi wake mmoja akaunda kamera ya kwanza ya kidijitali, na mwaka 2012 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika.

Kikao cha pili nilikwenda na haya yote, mazuri na mabaya. Nilipendekeza picha za simu zipokelewe, ila kila mtu anayeonekana aulizwe kwanza, na jina lake liandikwe chini, awe mhadhiri au muuza nyanya. Wengine walilalamika kwamba ni kazi ya ziada. Tulipiga kura, tukashinda kwa kura mbili. Ile ya mwenzetu aliyelala nimeifuta, na nimemwambia. Tembo atatundikwa hivyo hivyo bila mkonga.

Dereva nimempigia jana. Amekubali na jina amenitajia herufi kwa herufi, ila picha ya mgongo haitaki. Anataka ile nyingine, aliyovaa kofia.