Burkitt: Tabibu wa jicho moja aliyefumbua siri ya taya zilizovimba

DKT Denis Burkitt aliona kwa jicho moja tu, kwani jingine lilimpotea akiwa mvulana wa miaka 11. Hata hivyo, jicho hilo lilibaini jambo ambalo matabibu wengi walikuwa wamelitazama bila kulielewa.

Alizaliwa mwaka 1911 mjini Enniskillen, Ireland, akasomea udaktari katika Chuo cha Trinity, Dublin. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia alihudumu Kenya na Somalia akiwa daktari wa jeshi. Mwaka 1946 alitumwa Lira, Uganda, na baadaye akahamia Hospitali ya Mulago, Kampala.

Mnamo 1957, Dkt Hugh Trowell alimwita amwone mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya zote mbili, kushoto na kulia. Usaha wa meno hauvimbishi hivyo.

Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, Burkitt alimwona mtoto mwingine mwenye uso kama ule. Alipompima, alikuta uvimbe tumboni pia.

Alipekua kumbukumbu za Mulago, akatambua kwamba uvimbe wa taya, figo na ini, ulioandikwa kwa majina mbalimbali, ulikuwa ugonjwa mmoja. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1958.

Kisha akataka kujua ugonjwa huo ulikaa wapi. Mwishoni mwa 1961, yeye na madaktari Edward Williams na Clifford Nelson waliendesha gari kuukuu takriban kilomita 16,000 kwa wiki kumi, wakipita hospitali hadi hospitali mpaka Afrika Kusini. Waligundua kwamba uvimbe huo uliandama maeneo ya joto na mvua, na kuepuka nyanda za juu zenye baridi. Ramani yake ilifanana na ile ya malaria.

Mapema mwaka huo, mtafiti Anthony Epstein alikuwa amemsikiliza Burkitt akihutubu London. Vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakaona ndani yake virusi vipya.

Leo inajulikana kwamba virusi hivyo, Epstein-Barr, huwaingia watu wengi duniani, aghalabu utotoni na bila madhara. Lakini pale malaria inapoidhoofisha kinga ya mtoto mara kwa mara, maambukizi hayo ya kawaida huweza kuzua saratani.

Ingawa alikuwa mpasuaji, Burkitt alikiri kwamba kisu hakikufaa: kiliharibu uso wa mtoto, na uvimbe ukarejea. Aligeukia dawa, na baadhi ya watoto waliokuwa wakisubiri kifo wakarudi kwao wazima.

Aliondoka Uganda mwaka 1966, akavuma tena kwa kuhimiza vyakula vyenye nyuzinyuzi. Alifariki Machi 23, 1993.

Saratani inayobeba jina lake bado huwapata watoto wa magharibi mwa Kenya na Pwani. Huweza kukua maradufu kwa siku chache, lakini hutibika ikiwahiwa. Mtoto anayevimba taya huku meno yakilegea apelekwe hospitalini bila kungoja.