Mwenye Heri Anuarite: Amani Katika Usiku wa Isiro

Yafaa tumkumbuke binti wa nchi hii aliyeishika amani wakati nchi yenyewe ilipoipoteza.

Nengapeta alizaliwa Wamba tarehe 29 Desemba 1939, mtoto wa nne kati ya mabinti sita. Baba yake, kwa kukosa mtoto mwanaume, alioa mke mwingine. Hivi msichana aliujua mapema uchungu wa nyumba iliyogawanyika. Jina Anuarite lilikuwa la dada yake mkubwa. Shuleni, Sista aliyeandika majina alimwandika nalo, likabaki lake. Kwa lugha ya Wabudu maana yake ni mwenye kucheka vita. Kalamu ya Sista ilikosea, lakini Mwenyezi Mungu, naona, hakukosea.

Mama yake hakupenda aende utawani upesi. Siku moja motokari iliwachukua wasichana waliokwenda Bafwabaka, naye akapanda kwa siri. Huko, tarehe 5 Agosti 1959, aliweka nadhiri zake katika Shirika la Jamaa Takatifu, akaitwa Sista Marie-Clémentine. Alifundisha watoto, alitunza sakristia, alipika.

Ndipo uasi wa Wasimba ukafika. Tarehe 29 Novemba 1964 askari waliwapakia motokarini Masista, wanovisi na wapostulanti wa Bafwabaka, jumla 46, wakawapeleka Isiro. Njiani waliwanyang'anya rozari na misalaba. Jioni ya tarehe 30, Kanali Ngalo alimtaka Anuarite awe mke wake. Alikataa. Kanali Olombe akaahidi kumshurutisha kwa ajili ya mwenzake.

Wako wanaomsimulia kana kwamba hakuwa na hofu. Sikubaliani nao. Moyo wake ulifadhaika sana usiku ule, akawaomba wenzake wamwombee. Ila hofu haikupata kumwamulia. Olombe alipomwingiza garini pamoja na Sista Bokuma, alitoka tena, akasema wazi kwamba heri afe kuliko kutenda dhambi ile. Olombe akawapiga wote wawili kwa nguvu, hata akamvunja Bokuma mkono. Katikati ya mapigo Anuarite alimwambia kwamba anamsamehe, kwa kuwa hajui atendalo. Hakungoja kwanza mapigo yaishe. Ndipo Olombe akawaamuru Wasimba wamchome kwa singe, na mwenyewe akampiga risasi kifuani.

Masista walimbeba hadi ndani ya nyumba. Akakata roho kama saa saba ya usiku, tarehe 1 Desemba, naye hajatimiza miaka 25. Wenzake, wangali mikononi mwa waasi, waliimba utenzi wa Bikira Maria, Magnificat.

Tarehe 15 Agosti 1985, Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa. Katika mahubiri ya siku hiyo Baba Mtakatifu alimfuata Anuarite, naye akamsamehe mwuaji.