Ibn Battuta na Jahazi la Jidda

Ibn Battuta alizaliwa Tangier, Moroko, mwaka 1304. Mwaka 1325, akiwa kijana wa miaka 21, aliondoka kwao kwenda Hijja. Mwaka 1331 alizuru Mombasa na Kilwa, kisha akarudi Makka kuhiji tena.

Baada ya Hijja alikaa Jidda siku 40 akitafuta mwenza wa safari ya India, asipate. Likatokea jahazi la kwenda Misri. Akapanda kulikagua, moyo ukasita, akashuka. Jahazi lile likazama, wakafa mahujaji wapatao 70. Alimshukuru Mwenyezi Mungu, akashika njia nyingine, akafika India 1333.

Nasi tukisafiri tukague chombo, tuswali istikhara, wala tusione haya kughairi.