Mtoto Aliyekutwa Akisoma Chini ya Mti

 

Mkitoka Balad mkaenda ufukweni jioni, kule jua linakozama, ng'ambo ya Bahari ya Shamu, ni Afrika. Leo nawasimulia mtu aliyeishi upande ule katika karne ya 4. Jina lake Frumentius.

Alikuwa mtoto kutoka Tiro, mji wa Lebanoni ya leo. Mwalimu wake Meropius, mwanafalsafa, alimchukua yeye na ndugu yake Aedesius safari ya mbali wakaione dunia. Wakirudi, chombo kilitia nanga pwani ya Afrika kutafuta maji. Wenyeji walikuwa na ugomvi na Warumi. Wakawaua waliokuwemo, pamoja na mwalimu. Watoto wale wawili walikutwa chini ya mti wakisoma. Wakahurumiwa, wakapelekwa kwa mfalme wa Aksum, katika Ethiopia ya leo.

Wakakulia ugenini, bila baba wala mama. Aedesius akawa mnyweshaji wa mfalme. Frumentius, kwa kuwa alijua kuandika na kuhesabu, akakabidhiwa hazina na barua. Mfalme alipofariki, malkia aliwaomba wamsaidie kutawala mpaka mwanawe akue.

Baadaye wakaruhusiwa kuondoka. Aedesius akarudi Tiro. Frumentius akaenda Iskandaria kumwomba Athanasius apeleke askofu Aksum. Mji ule ulijaa wasomi, lakini Athanasius alimchagua yeye mwenyewe mleta ombi, kwa kuwa alimwona ana Roho wa Mungu. Frumentius akarudi. Mfalme Ezana akawa Mkristo, na sarafu zake zikawekwa msalaba. Waethiopia wakamwita Abba Salama, na pia Kesate Birhan, yaani Mfunua Nuru.

Wakristo wa mwanzo walifundisha kwamba akili ya mtu peke yake haimfikii Mungu. Mungu ndiye hufunua. Elimu ilimpatia Frumentius kazi ikulu. Lakini moyo wa kurudi kwenye nchi alikouawa mwalimu wake, huo haukutoka kitabuni.

Na karibu miaka 300 baadaye, Najashi wa nchi hiyohiyo aliwapokea Masahaba waliokimbia Makka.

Mimi ni nesi. Kupima presha nilifundishwa darasani. Kumshika mkono mgonjwa anayelia usiku, hakuna aliyenifundisha. Basi someni kwa bidii, wanangu, na mioyo yenu muilee pia.

Kazi ya nyumbani: waulizeni wazazi ni jambo gani jema wanalolijua ambalo hawakufundishwa shuleni. Andikeni sentensi tano, kwa Kiswahili.