Robert Smalls: Mtumwa, Mbunge, Ofisa wa Forodha

Wengi wetu tumewahi kufika katika kanisa la Mkunazini, Unguja, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lile lilifungwa mwaka 1873. Mwaka huo huo, mbali sana na pwani yetu, katika jimbo la South Carolina huko Marekani, mtu mweusi mmoja alikuwa akiketi katika Seneti ya jimbo akitunga sheria; naye miaka 11 tu kabla ya hapo alikuwa bado mali ya mtu mwingine. Jina lake Robert Smalls. Mwezi huu twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za maisha yake, na hasa ile sehemu ya mwisho, ambayo haisimuliwi sana.

Alizaliwa tarehe 5 Aprili 1839 katika mji mdogo wa bandari uitwao Beaufort, kwenye kibanda nyuma ya nyumba ya bwana wake, Henry McKee. Mama yake, Lydia, alikuwa mtumishi wa ndani katika nyumba hiyo. Alipopata umri wa miaka 12 alipelekwa mji wa Charleston kufanya kazi za kukodishwa, na mshahara wake ulikwenda kwa bwana wake, yeye akiachiwa kidogo tu. Alitumika hotelini, akawasha taa za barabarani, kisha akaingia bandarini. Huko ndiko alikojifunza bahari: mikondo, mafungu ya mchanga na alama zote za ghuba ile. Alikuwa rubani kwa kila hali, ila jina la rubani halikuweza kupewa mtumwa.

Mwaka 1856 alimwoa Hannah Jones, naye mtumwa, aliyekuwa akitumika hotelini. Alipotaka kumkomboa mkewe na mtoto wao aliambiwa bei ni dola 800, fedha ambazo zingemchukua miaka mingi kuzipata. Basi tusishangae kwamba alianza kutafuta njia nyingine.

Njia ilipatikana wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe. Smalls alikuwa akishika usukani katika meli ya mvuke iitwayo Planter, iliyotumika na jeshi la majimbo ya Kusini, yaani wale waliopigania kuuhifadhi utumwa. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1862 nahodha na wasaidizi wake wazungu walikwenda kulala mjini. Kabla ya mapambazuko Smalls na wenzake wakawasha moto wa meli, wakang'oa nanga, wakawachukua wake na watoto wao waliokuwa wamejificha, wakaelekea baharini. Walikuwa watu 16. Walikuwa wamekwisha kupatana kwamba wakikamatwa, afadhali waizamishe meli pamoja na wao wenyewe. Smalls alivaa kofia ya nahodha, akasimama kama nahodha alivyozoea kusimama, na mbele ya kila ngome akapiga king'ora cha mvuke kwa ishara iliyotakiwa. Ngome ya Sumter, yenye mizinga ya kutisha kuliko zote, ikawaruhusu kupita. Walipotoka nje ya shabaha ya mizinga wakashusha bendera ya Kusini, wakapandisha shuka jeupe, na kulipokucha walikuwa mikononi mwa meli za serikali ya Kaskazini, watu huru.

Hicho ndicho kisa kilichompa jina, na kila anayemtaja hukitaja. Lakini siku hiyo alikuwa na umri wa miaka 23 tu. Alikuwa na miaka zaidi ya 50 mbele yake, na katika miaka hiyo alijaribiwa kwa namna nyingine.

Serikali ilimpa dola 1,500 kama sehemu yake ya thamani ya meli. Akaendelea na vita, akapewa unahodha wa Planter ile ile, na katika miaka hiyo akajifunza kusoma. Nyumba ya bwana McKee ilipouzwa katika mnada wa serikali kwa ajili ya deni la kodi, aliyeinunua alikuwa Smalls. Baadaye watu wa upande wa zamani walimshtaki ili wamnyang'anye. Mwaka 1878 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba nyumba ni yake kwa haki. Inasimuliwa pia kwamba mke wa McKee, akiwa mzee na akili zake zimekwisha kupungua, alirudi siku moja katika nyumba ile akidhani bado ni yake, na Smalls akampokea na kumtunza humo. Tukisoma habari hiyo twamkumbuka Yusufu huko Misri, ndugu zake walipomjia na njaa.

Mwaka 1868 Smalls alikuwa mmoja wa wajumbe waliotunga katiba mpya ya jimbo. Neno alilolishika kwa nguvu ni shule: zifunguliwe shule za serikali zisizolipiwa ada, kwa watoto wote. Mtu aliyefika utu uzima bila kujua herufi alijua anachokiomba. Mwaka huo huo alichaguliwa katika Baraza la kutunga sheria za jimbo, na mwaka 1870 akaingia Seneti yake. Kutoka huko akapanda hadi Bunge la taifa mjini Washington, ambako alikaa kwa vipindi mbalimbali kati ya 1875 na 1887.

Hatuwezi kuficha jambo lililompata mwaka 1877. Alishtakiwa kwamba alipokuwa Seneta alipokea hongo ya dola 5,000 katika mambo ya mikataba ya uchapaji, akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Shahidi mkubwa alikuwa karani wa zamani wa Seneti, ambaye mwenyewe alikuwa na makosa na alikuwa ameahidiwa kutoshtakiwa. Wakati ule chama kilichotaka kuwarudisha weusi chini kilikuwa kimekwisha kushika serikali ya jimbo. Smalls alikana shtaka siku zote. Mwaka 1879 Gavana alimsamehe, katika mapatano ambayo kwayo wazungu walioshtakiwa kwa fujo za uchaguzi waliachiliwa nao. Sisi twaona kwamba hukumu ile ilinuka siasa. Lakini msamaha si sawa na kutangazwa kuwa huna hatia, na doa hilo alilibeba hadi kaburini.

Baada ya kukosa kiti cha Bunge, mwaka 1889 Rais Harrison alimteua kuwa Ofisa Mkuu wa Forodha katika bandari ya Beaufort. Ilikuwa kazi ya serikali kuu, lakini ofisi yake ilikuwa pale pale mjini kwake: kukagua shehena, kutoza ushuru, kuandika meli ziingiazo na zitokazo. Mtu aliyezoea kuhutubia Bunge sasa aliketi mezani na vitabu vya hesabu. Isitoshe, mwezi wa Agosti 1893 tufani kubwa iliyapiga visiwa vile, ikaua watu zaidi ya elfu moja na kuiharibu biashara ya fosfeti ambayo ndiyo iliyoleta meli. Serikali ilipobadilika aliondolewa. Wenzake waliporudi madarakani naye alirudishwa.

Katika kipindi hicho cha kuondolewa alipata vita yake ya mwisho ya siasa. Mwaka 1895 jimbo liliita mkutano wa kutunga katiba nyingine, na kusudi lake halikufichwa: kuwaondolea weusi kura. Mtu angetakiwa aweze kusoma katiba, au awe analipa kodi ya mali ya dola 300, na wa kuamua nani amefaulu walikuwa maofisa wazungu. Kati ya wajumbe wote, weusi walikuwa 6 tu, Smalls akiwa mmoja. Walijua watashindwa, hata hivyo walisema. Wazungu walipoleta sheria ya kukataza ndoa za weusi na weupe, Smalls alitoa pendekezo kwamba basi mzungu yeyote atakayeonekana akiishi na mwanamke mweusi asishike cheo chochote cha serikali. Mkutano ulishtuka, kwa maana wengi walijua angewagusa nani! Katiba ilipopitishwa alikataa kutia sahihi yake. Alipoonywa kwamba asiyetia sahihi huenda asilipwe nauli, alijibu kwamba yuko tayari kurudi Beaufort kwa miguu.

Miaka michache baadaye alirudi katika meza yake ya forodha. Fikirini, wasomaji: karibu watu wote wa rangi yake katika jimbo walikuwa wamenyang'anywa kura, naye bado aliketi kila siku katika ofisi ya serikali, na manahodha wa meli, weupe kwa weusi, walilazimika kuleta karatasi zao mbele yake. Alishika kazi hiyo mpaka mwaka 1913, Rais Wilson alipoingia madarakani na weusi wengi wakaondolewa katika vyeo. Alikuwa na umri wa miaka 74.

Hakuwa wa Kanisa letu. Alipofariki tarehe 23 Februari 1915 alizikwa katika uwanja wa kanisa la Wabaptisti la Tabernacle, mjini Beaufort, na kaburi lake liko hapo hata leo. Alifia katika nyumba ya McKee, hatua chache tu kutoka kibanda alimozaliwa.